Winterfell: giza lililokosa umbo

Saa kumi alfajiri ya Jumatatu, 29 Aprili 2019, kwa saa za Afrika Mashariki, HBO ilianza kurusha "The Long Night", sehemu ya tatu ya msimu wa mwisho wa Game of Thrones. Dakika chache baadaye watazamaji walikuwa wamezima taa, wameshika rimoti na kupandisha mwangaza wa televisheni mpaka ukomo wake. Haikusaidia. Kulipopambazuka lawama ziliangukia televisheni, king'amuzi na intaneti, na ni kweli kila kimoja kina sehemu yake. Lakini kosa lenyewe lilifanyika mapema zaidi, pale muongozaji Miguel Sapochnik na mpiga picha mkuu Fabian Wagner walipoamua kwamba pambano la ngome ya Winterfell, kubwa kuliko yote ya tamthilia hiyo, litolewe likiwa limelala chini kabisa ya kipimo cha mwanga, kama vile kila sebule duniani ni ukumbi wa sinema. Ulikuwa uamuzi mbaya siku ile na umebaki kuwa mbaya.

Mambo mazuri yapo. Panga za Wadothraki zinazowaka kisha kuzimika moja moja kwa mbali ni wazo safi lililotekelezwa kwa usafi, na Arya kwenye maktaba ni kazi ya kufundishia.

Tatizo linaanza kwenye dhoruba. Jon na Daenerys wako angani na majoka yao, Mfalme wa Usiku analeta tufani ya theluji, na kuanzia hapo picha inakuwa rangi moja. Joka ni jeusi lenye ukijivu. Wingu nyuma yake ni jeusi lenye ukijivu. Theluji inayopita mbele ya lenzi, ambayo ingeweza kuwa nyeupe na kutoa kina, nayo imeshushwa hadi kijivu kilekile. Jicho la binadamu hutambua umbo kwa tofauti kati ya kitu na kilicho nyuma yake. Tofauti hiyo ikiondolewa, hata lenzi ya bei ya nyumba haiwezi kuirudisha. Drogon na Rhaegal, majoka ambayo mashabiki wameyalea kwa misimu saba na kuyajua kwa rangi zao, wanageuka kuwa mnyama mmoja asiye na jina.

Angalia jinsi uhariri unavyohangaika kuziba pengo. Inakatwa kwenda uso wa Jon ili tujue ni yeye. Inakatwa kurudi nje, tunampoteza. Uso wa Daenerys, halafu nje tena, na mtazamaji anaanza kukisia ni ubawa wa nani uliopita. Moto wa buluu wa Viserion, joka la Mfalme wa Usiku, unapowaka, kwa sekunde mbili tatu kila kitu kinaeleweka, kisha giza linarudi na hesabu inaanza upya. Picha inayotegemea uhariri umtaje mhusika kwa jina kila baada ya sekunde chache imeshindwa kazi yake ya kwanza.

Chini, kwenye mstari wa mbele, gharama ni kubwa zaidi. Edd wa Night's Watch, ambaye amekuwa nasi tangu msimu wa pili, anauawa baada ya kumwokoa Sam. Kifo hicho kilistahili kuuma. Watu wengi walirudisha nyuma kuhakikisha kama ni yeye aliyeanguka au ni mwingine mwenye ndevu na joho jeusi.

Watetezi wana jibu lao: vita vya usiku ni vurugu, na mtazamaji alitakiwa apotee kama wahusika walivyopotea. Hoja hiyo haisimami. Hofu hujengwa mtazamaji anapoona kile ambacho mhusika hajakiona, na kwa hilo lazima aone. Tena tamthilia yenyewe inajipinga. Majoka yanapopanda juu ya mawingu, mwezi unawaangukia kwa nyuma, kila ukingo wa bawa unachorwa, na ghafla tunapata picha nzuri kuliko zote katika dakika 82 za sehemu hiyo. Bado ni usiku na bado kuna baridi na upweke, ila tunajua nani ni nani. Waliopiga picha ile walijua namna ya kufanya. Ila namna hiyo hawakuishusha chini, kwenye mstari wa mbele.

Vifaa vya kupigia picha havina hatia hapa. Game of Thrones ilipigwa kwa kamera za ARRI Alexa, ambazo unyeti wake wa msingi ni ISO 800 na zinameza takriban stopu 14 za mwanga, kutoka kivulini hadi kwenye moto. Ratiba nayo haikuwa finyu, kwani jeshi zima la watengenezaji lilikesha usiku 55 kwenye seti ya Ireland Kaskazini. Wagner si mgeni pia. Ndiye aliyepiga "Hardhome" ya 2015 na "Battle of the Bastards" ya 2016, akiwa na Sapochnik huyuhuyu, na kwenye ile ya pili kila farasi na kila rundo la maiti vilisomeka chini ya anga la mawingu mazito.

Safu hii haitachoka kulisema hili, hasa kwa vijana wanaouza kamera nzima ili wanunue nyingine yenye ISO kubwa zaidi: unyeti huongeza mwangaza wa picha, hauongezi umbo. Mwenye kamera ya kawaida, tripodi imara na subira ya kungoja mwezi ukae ubavuni mwa mlima, atarudi na Kilimanjaro yenye mgongo na mabonde kwa sekunde 15, f/2.8 na ISO 1600. Mwenye mashine ya milioni nyingi aliyeelekeza lenzi mahali pasipo na mwanga wa pembeni atarudi na kijivu.

Baada ya malalamiko kuenea, Wagner alijitetea hadharani. Alisema haikuwa giza kupita kiasi na kwamba yeye anajua kwa sababu ndiye aliyeipiga. Alitaja ubanaji wa video unaofanywa kabla ya kurushwa, na watu wasiojua kurekebisha televisheni zao. Kuhusu ubanaji yuko sahihi kabisa, na hapo ndipo utetezi wake unapogeuka ushahidi dhidi yake.

Picha ya kawaida ya televisheni, ya biti 8, ina ngazi 256 tu kwa kila rangi, na kwa kanuni za utangazaji zinazotumika ni kuanzia 16 hadi 235. Ukilaza tukio zima chini, umeziacha ngazi nyingi bila kazi, na uso, joho, ukuta na moshi vinagombania zile chache zilizobaki. Kisha inakuja programu ya kubana video. Hiyo hutupa kwanza kile inachodhani jicho halitakikosa, na mahali pa kwanza inapopunguza ni gizani. Juu ya hapo ipe theluji na moshi, chembe maelfu zinazotembea ovyo fremu nzima, yaani mzigo mgumu kuliko yote kwa programu hiyo. Matokeo kila mmoja aliyaona: mabaka ya mraba kwenye anga la usiku na ngazi ngazi za kijivu mahali ambapo palitakiwa kuwa na ukungu laini. Haya hayakugunduliwa mwaka 2019. Kila anayepeleka kazi kwenye televisheni anayajua, na chumba cha kusahihisha rangi chenye skrini ya thamani na kuta nyeusi kipo ili yazingatiwe, hakipo ili yasahaulike. Mpiga picha wa harusi wa Kariakoo anajua kwamba bibi harusi ataziangalia picha kwenye simu, juani, ndani ya daladala, na anazisahihisha kwa kujua hivyo.

Tamthilia hiyohiyo ilikuwa na somo ndani ya kabati lake. "Blackwater" ya 2012, iliyoongozwa na Neil Marshall na kupigwa na Sam McCurdy, ni vita vya usiku kwa bajeti ndogo zaidi. Moto wa kijani unalipuka ghubani, na kuanzia hapo mwanga una mahali unapotoka na rangi yake: kijani kutoka majini, chungwa kutoka kwenye mienge. Tyrion akisimama kati ya hizo mbili, hata kwenye skrini ndogo unajua amesimama wapi. Zaidi ya miaka kumi kabla ya hapo, Andrew Lesnie alipiga vita vya Helm's Deep kwa ajili ya The Two Towers kwenye machimbo ya Dry Creek, New Zealand. Alimwaga mwanga wa buluu kutoka nyuma, juu ya mvua na kofia za chuma zilizolowa. Hakuna aliyeuliza mwezi gani unang'aa kwenye mvua. Kila Uruk-hai alikuwa na ukingo wa fedha, na elfu kumi wao walionekana kuwa elfu kumi.

Na wale wanaodai uhalisia, kwamba mwanga uwe ule tu ambao ungekuwepo, wasimtaje Stanley Kubrick bila kusoma alichofanya. Kwa Barry Lyndon ya 1975 alipata lenzi za Zeiss za milimita 50 zenye f/0.7, zilizotengenezwa kwa ajili ya NASA, akamfanya fundi Ed DiGiulio aichonge kamera ya Mitchell ili izipokee. Filamu ilikuwa ya ASA 100, ikasukumwa stopu moja wakati wa kusafishwa. Bado, pamoja na lenzi hiyo ya ajabu, yeye na mpiga picha wake John Alcott walijaza vyumba mishumaa yenye tambi tatu tatu ili mwanga utoshe. Walikuwa na chombo kilichoweza kuona gizani kuliko chochote cha wakati wao, na walichofanya ni kuongeza mwanga. Alcott alipata Oscar.

Hata kwenye mandhari kanuni ni ileile. Novemba 1941 mpiga picha Ansel Adams alisimamisha gari Hernandez, New Mexico, jua likizama, na kipima mwanga hakikuonekana. Alikumbuka kiasi cha mng'ao wa mwezi, akapanga mfiduo kwa kuufuata: sekunde moja, f/32, kichujio cha njano mbele ya lenzi. Anga jeusi la ajabu ambalo watu hulisifu kwenye picha hiyo, Moonrise, halikutoka kwenye kamera. Nakala za mwanzo zina anga jepesi lenye mawingu. Weusi ule aliuleta kwenye chumba cha giza, mwaka baada ya mwaka, akiangalia karatasi ambayo mtu angeishika mkononi.

John Seale alifuata njia hiyohiyo kwenye jangwa la Namibia kwa ajili ya Mad Max: Fury Road. Matukio ya usiku ya filamu ile ya 2015 yalipigwa mchana, yakiwa yamezidishiwa mwanga kwa stopu mbili, kisha yakashushwa na kutiwa buluu kwenye kompyuta. Kwa kuwa vivuli vilijazwa taarifa tangu mwanzo, vilipogeuzwa usiku vilibaki safi, na sura ya mhusika Furiosa inasomeka hata kwenye simu.

Tungetegemea HBO ijifunze. Oktoba 2022 ikaja "Driftmark", sehemu ya saba ya House of the Dragon, muongozaji akiwa Sapochnik tena. Mazungumzo ya Rhaenyra na Daemon ufukweni yalipigwa mchana na kugeuzwa usiku, na yakageuka supu ya samawati ambayo ndani yake nyuso za waigizaji wawili hodari hazikupatikana. Watazamaji walipolalamika, akaunti ya huduma kwa wateja ya HBO Max iliwajibu kwamba ufifishaji ule ulikuwa uamuzi wa kisanii uliokusudiwa.

Jibu hilo lingekubalika kama njia nyingine isingekuwepo. Miezi michache tu kabla yake, mpiga picha Hoyte van Hoytema alikuwa ameonyesha usiku wa bonde zima kwenye Nope ya Jordan Peele. Nao ulipigwa mchana, kwa kamera mbili zilizofungwa pamoja zikitazama kitu kimoja: moja ya filamu ya milimita 65, nyingine Alexa 65 iliyorekebishwa ione infraredi. Katika infraredi anga la buluu huwa karibu jeusi huku vilima na nyasi vikibaki ving'avu, hivyo kamera moja ilileta usiku na nyingine ikaleta rangi, zikaunganishwa. Kwenye skrini unaona mgongo wa kila kilima, farasi akikimbia mbali, na giza lenyewe likiwa na kina cha kilomita.