Kosa la Asilimia Mia

Sina ugomvi na D700 ya Nikon, na atakayesema kwamba naitetea Canon kwa kuwa ndiyo niliyoizoea mkononi atakuwa amenizulia. Lakini hukumu iliyotolewa Sandoa jioni ile tulipozilinganisha kamera mbili, ya kuitangaza D700 kuwa bora kwa picha kuliko 5D Mark II ya Canon, ilipitishwa kwa mizani mbovu, na sitanyamaza kwa sababu tu waliohudhuria walirudi kwao wameridhika.

Mliokuwapo mliyaona maandalizi, nami sina la kuyatia dosari: stendi moja, lenzi ya milimita 50 kila upande, uwazi wa 5.6, ISO 3200, faili ghafi.

Hapo ndipo sifa zinapokoma. Fundi aliyeshika kompyuta, ambaye simtaji naye anajijua, aliziweka picha mbili ubavu kwa ubavu, akaivuta kila moja hata asilimia mia, yaani pikseli moja ya faili kwa nukta moja ya kioo, kisha akakunja mikono. Upande wa D700 shavu la yule bibi, aliyekubali kuketi mbele yetu na beseni lake la unga wa muhogo, lilikuwa laini. Upande wa 5D Mark II shavu lile lile lilikuwa na chenga, za kijani na za zambarau, zimetapakaa chini ya jicho kana kwamba unga wenyewe ulimrukia. Watu wakapiga makofi. Mimi nilikuwa nikitazama pindo la kitenge begani pake, ambapo katika picha ya pili uzi ulipishana na uzi hata ukaweza kuzihesabu, ilhali katika ya kwanza nyuzi zilikuwa zimekwisha kuwa rangi tupu. Na katika umati ule wote hakuna hata mmoja aliyeuliza jambo ambalo mtoto wa shule angaliuliza: mbona uso wa bibi ni mkubwa huku kuliko kule?

Ulikuwa mkubwa kwa sababu D700 hutoa nukta 4256 kwa upana, na 5D Mark II hutoa 5616. Kwenye kioo chenye nukta mia katika kila inchi, kuitazama ya kwanza kwa asilimia mia ni kusimama mbele ya picha yenye upana wa mita 1 na sentimita 8, na kuitazama ya pili ni kusimama mbele ya picha ya mita 1 na sentimita 43, macho yakiwa mbali nazo kwa kadiri moja. Kisha tukashangaa kwamba iliyokuzwa zaidi imeonyesha chenga zaidi! Ni nani katika Sandoa, au Kolwezi, au Lubumbashi kwenyewe, aliyewahi kuagizwa picha ya harusi ya upana huo? Mteja wetu hutaka sentimita 20 kwa 30, ambazo kwa nukta 300 za inchi zahitaji nukta 3543 tu kwa upana, basi faili zote mbili sharti zipunguzwe. Na katika kupunguzwa huko kila nukta ya karatasi hupata pikseli mbili na nusu za Canon, ambapo za Nikon hazifiki moja na nusu. Chenga, kwa kuwa kila pikseli huzuka na yake kwa bahati tu, huzimana zinapochanganywa. Fundi wetu aliikamata Canon katika hali ambayo mteja hataiona maisha, akaihukumu kwayo.

DxOMark, wapimaji wa kamera wa Ufaransa, ambao sijapata kuwapenda kwa tabia yao ya kuifungia kamera nzima ndani ya alama moja, hili walau walilifahamu tangu walipoanza mwaka 2008, kwa maana huipunguza kila faili hata nukta milioni 8 ndipo walinganishe. Kwa mizani hiyo D700 ilipata 80, na 5D Mark II ikapata 79. Insafu yanilazimu kukiri kwamba gizani D700 hubaki mbele kidogo hata hapo, na kwamba ukiviinua mno vivuli vya Canon hutokea mistari kama ya shuka; lakini hicho kidogo si ile tofauti ya mbingu na ardhi tuliyoonyeshwa.

Na maadamu nimekwisha anza kunung'unika, lile la siku zote nalisema tena: nyuma ya bibi palikuwa na ukuta mweupe, kipimo cha mwanga kikauamini ukuta, uso ukazama. Kodak kwa miaka mingi walisawazisha rangi za maabara kwa kadi yenye sura ya mwanamke mweupe, tukalalamika, na tulikuwa na haki. Leo kipimo ki mikononi mwetu wenyewe na bado twamwacha bibi gizani, kisha twauinua uso wake kwa kompyuta na kuilaumu kamera kwa chenga tulizozipanda sisi.

Antoine Freitas alipopiga picha Bena Mulumba huko Kasai mwaka 1939, kwa kamera ya sanduku aliyoiunda mwenyewe, hakuwa na asilimia mia ya kukimbilia: picha ya sanduku hutoka na ukubwa wake, ikatiwa mkononi, ikahukumiwa hapo. Hata Sammy Baloji, mpiga picha ambaye si wa zamani hizo, katika mfululizo wake wa picha uitwao Mémoire, wa mwaka 2006, aliwasimamisha watu wa picha za kikoloni, zisizo na rangi, juu ya magofu ya kampuni ya madini ya Gécamines aliyoyapiga kwa rangi. Hapo taswira za vizazi viwili zimelazimika kukaa katika ukubwa mmoja, na jicho huzisoma pamoja bila kuuliza pikseli ngapi.

Kwamba D700 haina video kabisa, na harusi za leo hazilipwi bila video, silitaji, kwa kuwa shauri letu lilikuwa ubora wa picha.

Nasikia arubuni ya kununua D700 imekwisha lipwa. Ndugu zangu, kabla ya kulipa salio, zichapisheni faili zile mbili, sentimita 20 kwa 30, karatasi moja, mashine moja, mzitundike ukutani bila majina, kisha mwiteni yule bibi achague ya kupeleka nyumbani kwake.