Nafsineni si Mshairi: Funzo kutoka kwa Fernando Pessoa

Mtahiniwa akiulizwa nafsineni katika shairi ni nani, mara nyingi hujibu, "Ni mshairi." Jibu hilo huchanganya mtu aliyetunga na sauti inayosema ndani ya shairi. Kazi za Fernando Pessoa, mshairi wa Ureno, zinadhihirisha tofauti hiyo waziwazi.

Pessoa alizaliwa Lisbon mwaka 1888. Babake alifariki mwaka 1893, na mamake akaolewa na balozi mdogo wa Ureno mjini Durban, Afrika Kusini. Huko ndiko Pessoa alikosoma, kwa Kiingereza. Alirejea Lisbon mwaka 1905, akajikimu kwa kuandikia kampuni barua za biashara katika lugha za kigeni, hadi alipofariki mwaka 1935. Diwani moja tu ya Kireno, Mensagem (1934), ndiyo aliyoichapisha akiwa hai.

Upekee wake ni kwamba alibuni washairi, si mashairi tu. Kila mmoja alimpa jina, wasifu na mtindo. Alberto Caeiro ni mtu wa mashambani asiye na elimu kubwa. Lugha yake ni nyepesi na mashairi yake ni huru. Ricardo Reis ni daktari. Mishororo yake ina vipimo na toni yake ni ya utulivu. Álvaro de Campos ni mhandisi wa meli aliyesomea Glasgow. Mishororo yake ni mirefu, na toni yake hupanda kwa jazba kisha ikashuka kwa uchovu.

Msomaji akidai kwamba Pessoa alipuuza arudhi, Reis atamkanusha. Akidai aliizingatia, Campos atamkanusha. Mtunzi ni mmoja, sauti ni nyingi. Hata katika Mensagem, aliyoitia jina lake halisi, mfalme Sebastião, aliyefia vitani Morocco mwaka 1578, anasema kwa nafsi ya kwanza.

Je, wasifu hauna faida? Unayo. Malezi ya Pessoa kati ya lugha mbili yaweza kumsaidia mhakiki kueleza wingi wa sauti hizo. Hata hivyo, wasifu hauwezi kuchukua nafasi ya ushahidi wa shairi lenyewe. Mwanamume akitunga bembea ya mama anayembembeleza mwanawe, nafsineni ni mama. Mwanafunzi na aulize: Nani anasema? Anamwambia nani? Ni maneno yapi yanayothibitisha hayo? Jibu lisilotaja maneno hayo ni dai tu.