Shahidi Mwenye Hasira

Mtu aliyeudhiwa ni nadra kuwa shahidi mwema juu ya yule aliyemwudhi, hata akiwa fundi mkubwa wa kusema. Neno hili latufaa tuitazamapo picha ya Lango la Calais, kazi ya mchoraji Mwingereza William Hogarth, ambayo imehifadhiwa katika nyumba ya sanaa ya Tate, London.

Calais ni bandari ya Ufaransa ielekeayo Uingereza, na Waingereza waliitawala tangu 1347 hata 1558. Hogarth alikwenda huko mwaka 1748, vita baina ya mataifa hayo mawili vilipokoma. Alipokuwa akilichora lango la mji alikamatwa, akadhaniwa kuwa mpelelezi, akarudishwa kwao. Kisasi chake alikilipa kwa rangi.

Katikati ya picha mpishi amelemewa na pande kubwa la nyama ya ng'ombe iliyotoka Uingereza. Mtawa mnene anaigusa kwa kidole kwa uchu. Askari wa Kifaransa, waliokonda na kuvaa matambara, wanaikodolea macho. Mmoja anamwaga mchuzi wake mwepesi bila kujua. Maana haifichiki: Mfaransa ni mnyonge mwenye njaa chini ya mapadri walioshiba, Mwingereza ni mtu huru mwenye nyama. Walakini hata beef, jina ambalo Waingereza huiita nyama hiyo, asili yake ni Kifaransa!

Kwa ufundi, picha yastahili sifa. Wala si uongo mtupu, kwa kuwa maskini walikuwa wengi Ufaransa siku zile. Kosa lake li mahali pengine. Mwaka 1751 Hogarth huyo huyo alitoa picha ya chapa iitwayo Gin Lane, akaonyesha maskini wa London walioangamizwa na pombe kali: mtu aliyebaki mifupa mitupu, na mama mlevi ambaye mtoto wake anaporomoka kutoka mikononi mwake. Je, alisema kwamba hiyo ndiyo tabia ya Waingereza? Hasha! Alishtaki pombe, na mwaka ule ule Bunge likatunga sheria ya kuzuia uuzaji wake. Taabu ya nyumbani ilitafutiwa sababu, ikapewa dawa. Taabu ya jirani ilifanywa tabia ya taifa, ikachekwa.

Kwa hiyo picha ya Lango la Calais yatufunza machache juu ya Wafaransa, na mengi juu ya kiburi na hofu ya Waingereza wa zama zile. Tuihifadhi na kuistahi kama sanaa, lakini tusiipokee kama ushahidi. Nawe msomaji, ukutanapo na kitabu au picha isemayo kwamba taifa fulani ni wavivu, walafi au waoga, uliza swali moja: lau kosa hilo lingaliwapata jamaa za msanii mwenyewe, angalilieleza vivyo hivyo?