Diski Ikihama Mashine

Kwa mafundi wa kompyuta wa Thika na Ruiru, wanaohangaika na laptop za ex-UK, hili ni jambo la kawaida: madabodi ya Dell imeungua, fundi anachomoa diski yenye Linux, anaipachika kwenye Lenovo na kuwasha. Mara nyingi kioo, kibodi, WiFi na betri vyote vinaitika. Hakuna aliyeiarifu diski kwamba imehama. Mimi sijazoea bado.

Kadi za PCI hujitaja zenyewe: keneli, kiini cha mfumo, ikiziuliza, hutoa namba ya mtengenezaji (8086 ni Intel) na namba ya kifaa. Betri na tachipadi hazina ulimi huo. Husemewa na fimuwea, programu iliyomo kwenye chipu ya madabodi, kupitia majedwali ya ACPI, utaratibu uliotolewa mwaka wa 1996 na Intel, Microsoft na Toshiba. Humo betri ni PNP0C0A. Draiva, programu zinazoendesha vifaa, nazo hubeba orodha ya majina zinayoyahudumia, na keneli ndiyo mshenga.

Uzuri ni kwamba kifaa kinaweza kutaja jina lake mahususi, kisha la ukoo. Tachipadi ngeni kabisa ikiongeza PNP0C50 hupata draiva ya jumla, iliyoandikwa na mtu ambaye hakuwahi kuiona. Ndiyo maana waunganishaji kama chuo kikuu cha JKUAT pale Juja, waliotoa laptop zilizoitwa Taifa, hawakulazimika kuunda mfumo wao wenyewe.

Lakini jina halitoshi, na hapa ndipo ustadi unaponivutia zaidi. Draiva hukipima kifaa kwanza, kisipofaa, hukikataa. Na kama kifaa kingine kinachotegemewa, tuseme kidhibiti cha umeme, hakijawa tayari, draiva hujibu EPROBE_DEFER: nirudie baadaye. Keneli hukiweka kando kifaa kinachosubiri, na kila kifaa kingine kinapopata draiva yake, vilivyosubiri hujaribiwa upya. Kabla ya Linux 3.4, mwaka wa 2012, waandishi walipanga zamu hizo kwa mkono, na ubao mpya ukija, mpangilio ulivurugika.

Ukitaka kujionea, fungua /sys/bus/acpi/devices. Kwenye ThinkPad T450, yenye betri mbili, utakuta PNP0C0A:00 na PNP0C0A:01, draiva moja ikizihudumia zote mbili.