Ruta Inapoamua Laini Imekufa

Mei 12, 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipata hitilafu, intaneti ikazorota Tanzania, Kenya na kwa majirani. Siku kama hiyo, ruta inayopima uhai wa laini kwa kuliita lango la mtoa huduma haioni tatizo, kwa kuwa lango liko papa hapa mjini na linaitika. Kipimo cha check-gateway katika ruta za MikroTik ndivyo kilivyo: hutuma pingi kila sekunde 10, na zikikosa jibu mara mbili njia huzimwa. Hapo skripti hupata kazi. Amri ya kubadili njia ni mstari mmoja tu. Ugumu uko katika kuamua ushahidi gani unatosha kusema laini imekufa.

Skripti ya kawaida huitwa na ratiba ya ruta kila dakika, hutuma pingi kwa anwani kadhaa, na zisipojibu huisukuma njia kuu nyuma ya laini ya akiba. Ikiachwa hivyo itajidanganya. Ikishahama, pingi hupita kwenye akiba na kujibiwa vizuri. Skripti huamini laini kuu imepona, hurudi, hukuta giza, huhama tena, na ofisi nzima huyumba. Dawa ni kuzifunga anwani za kupimia kwenye lango la laini kuu kwa njia zao zenyewe, na nyuma yake kuweka njia ya blackhole, ili lango likitoweka pingi zifie hapo badala ya kuchepukia akiba. Anwani nazo zina mtego: 1.1.1.1 na 8.8.8.8 hutangazwa kutoka sehemu nyingi duniani, hivyo jibu linaweza kutoka Nairobi au Mombasa bila kuvuka bahari. Angalau moja iwe ya seva iliyoko ng'ambo kweli. Tena kurudi kuwe kwa kusitasita kuliko kuondoka: vipimo vitatu vibovu vitoshe kuhama, lakini vizuri kumi mfululizo vidaiwe kabla ya kurejea. Hesabu hiyo hukaa katika kigeu cha jumla, ambacho hufutika ruta ikizimwa, kwa hiyo skripti ihakikishe kwanza kama kipo.

Wapo wanaosema njia zinazotegemea njia nyingine hufanya haya bila skripti. Kwa ofisi ndogo, wana haki. Ila njia hizo hazijui kusubiri kabla ya kurudi, wala hazifuti miunganisho ya zamani inayong'ang'ania laini iliyokufa, ile inayoacha simu za intaneti zikiwa bubu huku kurasa za tovuti zikifunguka. Pingamizi zito zaidi ni la usalama. Mwaka 2018 wavamizi walitumia udhaifu CVE-2018-14847 kuiba nywila za ruta za MikroTik, kisha wakapandikiza skripti na ratiba zao humo humo. Lakini marekebisho yalikuwa yametolewa tangu Aprili mwaka huo. Walioumia zaidi ni ambao hawakusasisha. Skripti yako ipewe ruhusa za kusoma, kuandika na kupima tu, na orodha ya ratiba ikaguliwe mara kwa mara.

Kabla ya kuiachia kazini, ijaribu kwa kuzuia pingi zisitoke nje huku lango likiendelea kujibu. Kuchomoa waya hakutoshi, maana hitilafu hiyo ruta ingeigundua hata bila skripti.