Nani Avutaye? Juu ya Vitenzi vya Kueleza Mgawanyiko wa Seli

Mwenye kueleza kwa Kiswahili jinsi seli moja iwavyo mbili aghalabu huandika sentensi ya namna hii: "Kromosomu hujigawa, kisha nusu zake huenda pande mbili za seli." Sarufi yake haina kasoro. Walakini yapotosha sababu ya jambo, na katika maandishi ya elimu sababu iliyopotoshwa yadhuru kuliko jina lililokosewa.

Walther Flemming, Mjerumani, alipoyaandika mambo haya mwaka 1882, aliyapa jina la mitosisi, kutokana na neno la Kiyunani lenye maana ya uzi. Alitaja sura aliyoiona katika hadubini, si nguvu iliyokuwa ikifanya kazi. Nguvu hiyo ilipimwa baadaye sana. Mwaka 1983 R. Bruce Nicklas aliizuia kromosomu kwa sindano nyembamba mno ya kioo, katika seli za panzi zizaazo mbegu za kiume. Alikuta kwamba kuisimamisha kromosomu moja kwahitaji kani ya pikonyutoni 700 hivi. Na kumbe kuipitisha tu katika uji wa seli kwahitaji takriban sehemu moja ya kumi ya pikonyutoni. Palipo na kani iliyozidi haja ya safari kwa maelfu ya mara, kitenzi "kwenda" hakitoshi.

Tuvipime basi vitenzi vyetu. "Hujigawa" chaifanya kromosomu kuwa mtenda, nayo siye. "Hugawanyika" ni afadhali, lakini kiambishi -ik- chamficha mtenda, kama tusemapo kikombe kimevunjika pasipo kumtaja aliyekivunja. Chafaa kwa kichwa cha habari, hakifai kwa maelezo.

Kabla ya kutengana, nusu mbili pacha zimefungwa pamoja kwa protini iitwayo kohesini, na kila moja imeshikwa na mikrotubuli, yaani vijibomba vyembamba vitokavyo upande wake wa seli. Hali hiyo wengine wataiita "mvutano". Jina hili lina hatari: msomaji aliyezoea mvutano wa dunia atadhani pacha hao wavutana wao kwa wao, hali kila mmoja avutwa mbali na mwenziwe. Naona "mkazo" ni bora, ingawa sisi watu wa isimu tumekwisha kulitwaa neno hilo kwa matamshi.

Tena mkazo huu ni habari kwa seli. Mwaka 1995 Li na Nicklas walichunguza seli za vunjajungu zilizochelewa kuendelea kwa sababu kromosomu moja ya jinsia haikukazwa pande zote mbili. Walipoivuta kwa sindano, seli ziliendelea na kazi yake. Mwandishi asemaye "huenda" hana mahali pa kuliweka jambo hili.

Je, tuseme "huvutwa" na yaishe? Hapo napo pana mtego, kwani msomaji ataona watu wakivuta kamba. Mikrotubuli haivutwi na mtu aliyesimama mwisho wake; yamomonyoka kwenye ncha, na kromosomu yaendelea kuishika ncha hiyo irudiyo nyuma. Mwaka 1988 Koshland, Mitchison na Kirschner walionyesha, nje ya seli hai, kwamba kumomonyoka huko kwaweza kuipeleka kromosomu bila ya injini nyingine. Kwa hiyo kitenzi "huvutwa" chataka nyongeza ya namna.

Napendekeza hivi: "Nusu pacha hukazwa kutoka pande mbili, kifungo chao kikatwapo, kila moja huvutwa upande wake kwa kufupika kwa mikrotubuli zilizoishika." Sentensi hii ni ndefu kidogo, lakini kila kitenzi chamjulisha msomaji kani itokako.

Huu si ubishi wa maneno tu. Mtoto azaliwaye na kromosomu 47 badala ya 46, kama ilivyo katika hali ya Down, mara nyingi hali yake yatokana na kromosomu kutotengana sawasawa katika seli ya uzazi. Mzazi aulizaye sababu hastahili kujibiwa kwamba kromosomu "zilikwenda vibaya". Kiswahili kina -w-, -ik-, -an- na -ji-, na kila kimoja chatofautisha mtenda na mtendwa. Chombo tunacho, upungufu ni wa mwandishi asiyekitumia.