Brashi Kabla ya Rangi: Mwongozo wa Vifaa vya Kupaka Nyumba Tanga

Mtu wa mtaa wa Mabawa, Tanga, akiamua kupaka nyumba, swali la kwanza dukani huwa: rangi ipi inadumu? Vifaa huja mwishoni, kwa chenji iliyobaki. Huo ndio mwanzo wa hasara. Hewa ya Tanga ina chumvi na unyevu, na rangi inayobanduka baada ya masika moja mara nyingi haikuwa mbovu. Ilipakwa kwa kifaa kisichofaa, juu ya ukuta ambao haukuandaliwa. Anza na kifaa, na kifaa ukichague kwa kuutazama ukuta.

Ukuta wa chokaa

Nyumba za zamani za miti na udongo, na kuta nyingi za uani, bado hupakwa chokaa. Chokaa ni kali, na ukali wake hula nywele za mnyama. Brashi yake sharti iwe ya nyuzi za mmea, na hapo Tanga ina bahati: mkonge, ulioletwa pwani hii na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, unatoa katani inayoistahimili chokaa vizuri. Brashi nzuri ya katani ina nyuzi nene zilizofungwa kwa kubana, zenye urefu unaolingana. Iloweke majini kwanza ili ilainike. Usitumie rola hapa. Chokaa husuguliwa hadi iingie ukutani, na rola huiacha juu juu.

Brashi ya rangi

Rangi ya maji inataka brashi ya nyuzi za nailoni au poliesta, kwa kuwa nywele za mnyama hunywa maji zikalegea. Rangi ya mafuta, ile ya milango na madirisha, hukaa vizuri kwenye nywele za asili, ingawa nyuzi bora za kiwandani nazo zinaifanya kazi hiyo.

Kuna jambo ambalo muuzaji huenda asikuambie: nywele za asili kwenye brashi nyingi ni za nguruwe. Brashi iliyoandikwa "pure bristle" au "China bristle" ni ya namna hiyo. Mwaka 2017 serikali ya Malaysia ilikamata brashi zaidi ya 2,000 zilizoshukiwa kuwa za nywele za nguruwe na kuuzwa bila kutambulishwa. Kwa Mwislamu, au kwa anayepaka msikiti, hili si dogo. Chomoa unywele mmoja uuchome: wa mnyama hunuka nywele zilizoungua na kuwa majivu, wa kiwandani huyeyuka na kuacha kidonge kigumu.

Kisha ikague brashi yenyewe. Vuta nywele kwa vidole. Zikitoka zaidi ya mbili tatu, irudishe. Zipinde kwenye kiganja uziachie. Nzuri hurudi mahali pake mara moja. Tazama ncha: zikiwa zimechanuka, zinashika rangi nyingi na kuacha mistari hafifu. Zikiwa zimekatwa butu, zitachora ukuta. Zifunue katikati: ukikuta kipande kikubwa cha mbao na nywele chache pembeni, umeuziwa mbao. Mwisho angalia bati linaloshika nywele. Bati la chuma cha kawaida hushika kutu haraka kwa chumvi ya hewa yetu, na kutu hiyo huishia kwenye rangi nyeupe.

Rola

Urefu wa manyoya ya rola hufuata ukali wa ukuta. Mlango laini unataka milimita 5 hivi. Plasta iliyosawazishwa vizuri, 10 hadi 12. Plasta ya mchanga au tofali tupu, 18 na kuendelea. Manyoya mafupi kwenye ukuta unaokwaruza huacha vitundu vyeupe, na marefu kwenye ukuta laini huacha vipele. Papasa rola nzima kutafuta mshono. Ukiusikia mkononi, utauona ukutani. Bomba la ndani liwe la plastiki, kwa sababu la karatasi huvimba likilowa. Rola mpya ioshe na uikaushe kabla ya kazi, vumbi la manyoya litoke.

Kazi yenyewe

Plasta mpya isubiri wiki nne hivi. Chini ya ukuta palipotoa unga wa chumvi, pafagie pakiwa pakavu kwa brashi ngumu ya nyuzi. Maji huirudisha chumvi ndani, na brashi ya waya huacha vipande vya chuma vitakavyoshika kutu chini ya rangi. Ukiona chumvi inarudi, tafuta unyevu unakotoka kwanza. Mlango wenye rangi ya mafuta ya zamani upige msasa wa maji, si mkavu, kwa kuwa rangi za zamani huweza kuwa na madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu kwa watoto.

Chovya theluthi moja tu ya nywele, kisha gonga brashi ndani ya ndoo badala ya kuifuta ukingoni. Piga pembe kwa brashi ya inchi mbili, na rola ifuate papo hapo, pembe ikiwa bado mbichi. Ukichelewa, itabaki alama kama fremu kuzunguka ukuta. Nje, fuata kivuli. Upande wa magharibi upakwe asubuhi, wa mashariki alasiri, maana jua la kaskazi hukausha rangi kabla haijashikana. Mvua za masika, Machi hadi Mei, ziache zipite.

Osha vifaa siku hiyo hiyo, kwa maji au kwa thina kulingana na rangi. Nyoosha nywele, zifunge kwa karatasi, uitundike brashi. Kuisimamisha kwa nywele ndani ya kopo ni kuiua.

Kumjua fundi, tazama mfuko wake kabla ya kusikiliza bei yake. Mwenye brashi kuukuu lakini laini na safi anaijua kazi. Na kama fedha yako inatosha kifaa kimoja tu kizuri, kiwe brashi ya inchi mbili: ndiyo inayopita kwenye kila pembe, kila fremu na kila mlango wa nyumba yako.